Kompyuta Yako Ni Faili: Historia ya Flashi Iliyohamia Ndani ya Mashine Nyingine

Wasee, leo ni historia. Usitoroke. Hii ni historia ya kitu unaweza kufanya wikendi hii na baadaye ukalala vizuri.

Kuna kundi la vijana hapa kwetu ambalo halitajwi watu wakiongea mambo ya teknolojia. Ni wale ambao kompyuta yao nzima iko kwenye flashi. Msee hana laptopu. Ana flashi ya GB 32 imefungwa pamoja na funguo za nyumba, na ndani yake kuna Linux kamili: programu anazoandika, biti anazotengeneza, picha, insha za chuo, kila kitu. Anafika maktaba au kwa binamu yake, anachomeka, anawasha mashine huku akibonyeza F12, na kwa masaa mawili ile kompyuta ya watu inakuwa yake. Akimaliza anazima, anachomoa, na mwenye kompyuta anaikuta Windows yake vile aliiacha.

Hao watu nawaheshimu sana. Lakini tuambiane ukweli. Wamejenga nyumba juu ya kitu kidogo kuliko kidole gumba, kitu ambacho kinaanguka kwa matatu, kinafuliwa ndani ya suruali, na hata ukikitunza kama yai siku moja kitakufa chenyewe. Dawa iko. Ni kugeuza ule mfumo wa kwenye flashi uwe mashine pepe, yaani kompyuta nzima inayoishi kama faili ndani ya kompyuta nyingine. Faili unaweza kulinakili mara kumi. Flashi iliyokufa ni pambo la funguo tu.

Msimamo wangu ni huu: kompyuta yako ni ule mpangilio uliojenga mwenyewe, na chuma ni mahali pa kukaa tu. Ukilielewa hilo, hutalia tena siku chuma kikiharibika. Na kama unadhani hilo ni wazo la juzi, ngoja nikupeleke kwa watu walioanza kulifanyia kazi miaka sitini hivi iliyopita, kwa sababu walikuwa na shida ile ile yako: watu wengi, mashine moja.

Ploti moja, wapangaji 14

Mwaka 1964 kompyuta ilikuwa kitu cha kujaza chumba. Tarehe 7 Aprili mwaka huo kampuni ya IBM ilitangaza familia ya mashine zake za System/360. Benki au chuo kikuu kikipata moja, ilikuwa ni ya kila mtu, na kila mtu alipiga foleni. Unatoboa kadi zako, unaziacha dirishani, unarudi baadaye kuchukua majibu. Ukikosea herufi moja, unarudi mwisho wa laini. Wenye tumewahi kungoja zamu kwenye maabara ya kompyuta shuleni, wanafunzi wanne kwa kibodi moja, tunaijua hiyo hasira.

Kule Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani, jirani kabisa na chuo cha MIT, IBM ilikuwa na kituo kidogo cha utafiti. Kiongozi wa mradi mmoja hapo alikuwa Robert Creasy, ambaye tayari alikuwa amefanya kazi MIT kwenye mfumo wa kuwezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Yeye na wenzake walikuja na ujanja mwingine. Badala ya kuandika mfumo mmoja mkubwa wa kubeba kila mtu, waliamua kumpa kila mtu kompyuta yake ya uongo, iliyofanana na ile ya kweli hadi kwenye amri zake.

Fikiria ploti ya kawaida ya Nairobi. Tanki la maji ni moja. Kila mpangaji akifungua mfereji kwake, anaona maji yake. Anayejua kwamba tanki ni moja ni keateka, na ndiye anafungua na kufunga koki huko nyuma ili wote wapate. CP-40, programu iliyoanza kazi rasmi Januari 1967, ilikuwa huyo keateka. Ilichukua System/360 Model 40 moja, ambayo ilikuwa imefanyiwa marekebisho ya pekee, na kuigawa iwe mashine pepe 14. Kila moja iliamini kwamba ina kumbukumbu yake ya KB 256. Ndani ya kila chumba wakaweka CMS, mfumo mdogo wa uendeshaji wa mtu mmoja.

Sasa shika hapa, kwa sababu hapa ndipo hadithi yako wewe na flashi yako inaanzia. CMS iliweza kuendeshwa juu ya chuma kitupu, na pia iliweza kuendeshwa ndani ya ile mashine ya uongo. Haikuhitaji kujua tofauti. Mfumo ule ule, nyumba mbili. Tarehe 2 Agosti 1972 IBM ikatangaza VM/370, na mashine pepe ikatoka kwenye maabara ikawa bidhaa ya kuuzwa. Mwaka 1974 watafiti wawili, Gerald Popek na Robert Goldberg, wakaandika masharti ambayo prosesa lazima itimize ili ujanja huu ufanye kazi bila kuvuja.

Tatizo ni kwamba bidhaa hiyo ilikuwa ya wenye pesa ndefu. Kijana wa kawaida, hata kule Marekani kwenyewe, hakuwa na mashine pepe nyumbani. Hakuwa hata na kompyuta.

Mabomba 17 ya siri

Miaka ya themanini na tisini ikaleta kompyuta za mezani, zile zenye prosesa za Intel na ndugu zake. Bei ikashuka, watu wakanunua, lakini ujanja wa Cambridge ukabaki nyuma. Sharti kubwa la Popek na Goldberg lilikuwa kwamba kila amri inayogusa mali ya pamoja lazima ipite kwa keateka kwanza. Prosesa za Intel hazikutimiza sharti hilo. Utafiti uliotolewa mwaka 2000 kuhusu Pentium ulihesabu amri 17 zilizokuwa na shida hiyo. Ni kama wapangaji 17 wameunganisha mabomba yao kwa tanki usiku, na keateka haoni kitu. Ubaya zaidi, amri hizo hazikupiga kelele zilipokosea. Zilitoa tu jibu tofauti kimyakimya, na mfumo ukaharibika bila kujua kwa nini.

Waliotegua hicho kitendawili, wengi wao walitoka Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1998 Diane Greene, Mendel Rosenblum, Scott Devine, Edward Wang na Edouard Bugnion walianzisha VMware, na mwaka 1999 wakatoa programu ya kompyuta za kawaida. Njia yao ilikuwa ya mtu mjanja na mvumilivu: programu ilizisoma amri za mgeni kabla hazijatekelezwa, ikizipata zile korofi inazibadilisha na nyingine salama, kisha inaruhusu kazi iendelee. Ilifanya hivyo kwa kasi kiasi kwamba ungeweza kuendesha Windows ndani ya Linux na ukafanya kazi ya maana.

Baada ya hapo mlango ukafunguka. Mwaka 2003 Mfaransa Fabrice Bellard akatoa QEMU, programu huria inayoweza kuigiza kompyuta nzima. Intel ikarekebisha prosesa zake mwaka 2005 na AMD ikafuata mwaka 2006, ili keateka aweze kuona kila bomba. Mapema mwaka 2007 Linux ikapata KVM ndani ya moyo wake, na kampuni ya Kijerumani ya Innotek ikatoa VirtualBox kwa umma bila malipo. Ndani ya miaka kumi hivi, kitu kilichohitaji mashine ya kujaza chumba kikawa kitu cha kupakua bure.

Na katika hayo yote kulikuwa na jambo dogo ambalo watu hawakulishangilia vya kutosha. Diski ya mashine pepe ilikuwa faili tu. VMware ina VMDK, VirtualBox ina VDI, QEMU ina qcow2. Kompyuta nzima, na kila kitu ulichowahi kuweka ndani yake, ina jina na ukubwa kama vile wimbo au picha. Unaweza kuinakili, kuibadilisha jina, kuificha, au kumtumia mtu.

Kumbukumbu inayofutika kama mwanga

Huku upande wa pili, kitu kingine kilikuwa kinakua. Fujio Masuoka, mhandisi wa Toshiba huko Japani, alivumbua kumbukumbu ya flashi miaka ya themanini. Jina lilitokana na jinsi inavyofutika: kundi zima kwa mpigo, kama mwanga wa kamera. Ile aina ya NAND, ambayo ndiyo iko kwenye flashi yako, ilielezwa hadharani mwaka 1987. USB nayo ilitoka mwaka 1996.

Hao wawili walipooana, mwaka 2000, wakazaa flashi tunayoijua. Trek ya Singapore iliiita ThumbDrive. M-Systems ya Israeli ilitengeneza DiskOnKey, ambayo IBM iliuza ikiwa na MB 8. Usicheke. Disketi za wakati huo zilibeba MB 1.44, kwa hivyo MB 8 ilikuwa mfuko mkubwa. Hadi leo bado kuna ubishi kuhusu nani alikuwa wa kwanza.

Mwaka huo huo wa 2000, Mjerumani Klaus Knopper akatoa Knoppix. Hii ilikuwa Linux nzima kwenye CD moja, unayoiweka, unawasha, unafanya kazi, unatoa, na diski ya kompyuta haijaguswa. CD ya MB 700 ilibanwa hadi ikabeba karibu GB 2 za programu. Lakini uchawi wenyewe ulikuwa tabia yake. Mfumo wa kawaida ukisakinishwa unazoea mashine moja, unakariri kadi yake ya picha, spika zake, diski yake. Knoppix haikukariri kitu. Kila asubuhi iliamka ikiuliza: niko wapi leo, na kuna nini humu?

Hiyo tabia ya mgeni mwenye adabu ndiyo iliwezesha flashi kuwa kompyuta ya kutembea nayo. Oktoba 2004 ikaja Ubuntu, mradi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa damu wa neno letu "utu". Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, Ubuntu ilikuwa ikituma CD kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeomba. Kwetu hiyo haikuwa zawadi ndogo. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ya nje ilitegemea setilaiti, na kupakua MB 700 kulikuwa ni kuchoma doo na usiku mzima. Halafu Oktoba 2008, Ubuntu 8.10 ikaja na kifaa chake cha kuweka mfumo kwenye flashi kwa kubofya mara chache. CD ikaanza kustaafu.

Pale njia mbili zinapokutana

Kwa hivyo tuna mfumo uliofundishwa kuamka popote, na tuna mashine ya uongo inayofanana na ya kweli. Unaona inakoelekea? Ukiubeba mfumo wa kwenye flashi ukauweka ndani ya mashine pepe, kwake hiyo ni kompyuta nyingine tu ya mgeni. Utaamka, utauliza uko wapi, utaendelea na kazi. Ni CMS ile ile ya miaka ya sitini, ila sasa iko mfukoni mwako.

Chombo cha kuhamisha nacho ni kizee. Amri ya dd ilikuwepo kwenye Unix tangu mwaka 1974, na jina lake lilitoholewa kutoka lugha ya kazi ya mashine za IBM, zile zile za System/360. Dd haijali faili zako zinaitwaje. Inasoma diski kuanzia biti ya kwanza hadi ya mwisho na kuimwaga kwenye faili moja. Siku hizi QEMU ina njia fupi zaidi inayosoma flashi na kutoa faili la mashine pepe moja kwa moja. Kwenye kompyuta yenye Linux, ni mstari mmoja:

sudo qemu-img convert -p -c -O qcow2 /dev/sdb kompyuta-yangu.qcow2

Ile -c inabana faili lipungue. Hapo kwa /dev/sdb unaandika jina la flashi yako, na kabla ya kubonyeza Enter uangalie kwa lsblk mara mbili, mara tatu. Wazee wa Linux hutania kwamba dd ni kifupi cha kuharibu diski, na utani huo umetokana na machozi ya kweli. Pia usinakili flashi huku mfumo wake wenyewe ndio unaendesha kompyuta. Ni kama kumpiga mtu picha ya pasipoti akikimbia. Washa kompyuta kwa mfumo mwingine, chomeka flashi kama mgeni, ndipo unakili.

Ukitumia VirtualBox, unanakili kwanza kwa dd, halafu kuna amri ya VBoxManage convertfromraw inayogeuza lile faili kuwa VDI. Baadaye unaunda mashine mpya na kuiambia itumie diski iliyopo, usiunde nyingine tupu.

Sasa, watu wengi hufika hapo, wanawasha, wanaona skrini nyeusi, wanasema hii kitu ni ya uongo. Mara nyingi shida huwa moja kati ya tatu, na zote zina historia.

Ya kwanza ni mlango wa kuingilia. Kompyuta za zamani huwaka kwa BIOS, za sasa huwaka kwa UEFI. Kama flashi yako iliwekwa kwa njia ya UEFI, lazima uwashe EFI kwenye mipangilio ya mashine pepe. Usipofanya hivyo, ni kama kubisha mlango wa nyuma wa nyumba iliyojengwa ukuta nyuma.

Ya pili ni majina. Kwenye kompyuta ya kweli flashi yako ilikuwa sdb. Ndani ya mashine pepe inakuwa sda au vda. Mfumo ulioandika jina la zamani kwenye orodha yake utatafuta diski ambayo haipo. Ndiyo maana Linux za leo hutumia UUID, nambari ndefu inayobaki na diski popote iendapo, kama nambari ya kitambulisho. Ukihama kutoka Kisumu hadi Kilifi anwani inabadilika, kitambulisho kinabaki.

Ya tatu ni aina ya flashi yenyewe. Kuna watu wamesakinisha mfumo kamili kwenye flashi, hao wanakili wote na wako sawa. Kuna wengine wanatumia mfumo wa kujaribia wenye sehemu ya kuhifadhi mabadiliko pembeni. Hawa nao wanakili flashi nzima, kwa sababu mabadiliko yao yanakaa kwenye sehemu tofauti na mfumo wenyewe. Na kama flashi yako haihifadhi chochote, huna haja ya kugeuza kitu. Pakua ISO ile ile, iweke kwa mashine pepe, maliza.

Windows ni hadithi nyingine. Kwa miaka mingi ilizoea kukariri chuma. Ukiihamisha, ilikuwa inatoa skrini ya bluu yenye nambari 0x0000007B, maana yake imeamka na haioni diski iliyotoka kulalia. Mark Russinovich na Bryce Cogswell walitoa kifaa kinaitwa Disk2vhd mwaka 2009 ili kurahisisha kugeuza diski ya kweli kuwa ya mashine pepe. Lakini hata ukifaulu, leseni inaweza kukuuliza mbona umebadilisha kompyuta. Microsoft walijaribu flashi rasmi, Windows To Go, iliyokuja na Windows 8 kwa wateja wa mashirika, kisha wakaiondoa kwenye Windows 10 ya mwaka 2020. Walioitegemea wakabaki na flashi ambayo mwenye mfumo hataki tena kuisikia.

Nani anashika funguo?

Hapo ndipo naona jambo lenyewe. Historia hii yote ni ya kuuliza swali moja: mpangilio wako unategemea ruhusa ya nani?

Cheki upande wa mabwana wakubwa. Mwaka 2006 Amazon ilifungua huduma yake ya EC2, ambapo unakodi mashine pepe kwa saa. Wengi hawajui kwamba timu iliyoijenga ilikuwa Cape Town, ikiongozwa na Chris Pinkham. Ile "wingu" inayosifiwa kila mahali ilipikwa hapa barani, na ndani yake ni ujanja ule ule wa keateka na wapangaji. Ni kitu kizuri, lakini ni nyumba ya kupanga. Usipolipa, unafungiwa mlango. Halafu Novemba 2023 Broadcom ikainunua VMware, ikabadilisha mfumo wa leseni, na mashirika mengi yaliyokuwa yamejenga kila kitu juu yake yakaanza kupiga hesabu upya. Kama mashirika makubwa yanaweza kushikwa hivyo, wewe na flashi yako ya Luthuli Avenue ni nani?

Ndiyo maana napenda njia ya kizamani: nakala yako, kwenye muundo ulio wazi kama qcow2 au faili ghafi la dd, ambao programu nyingi za bure zinaweza kusoma. Hauhitaji kumwomba mtu.

Najua kuna msee anasema, "Boss, mashine pepe inahitaji kompyuta yenye nguvu, na mimi sina hata dhaifu." Ni hoja ya haki, na sitaipuuza. Mashine pepe juu ya laptopu ya RAM ya GB 4 inatambaa. Na kama ni simu, au kompyuta zenye prosesa za ARM kama zile Apple walianza kuuza mwaka 2020, mfumo wa prosesa za Intel utalazimika kuigizwa amri kwa amri, na hiyo ni polepole sana.

Lakini sikuambii uishi ndani ya mashine pepe. Endelea na flashi yako. Nakuambia ile faili iwe bima. Inaweza kukaa kwenye diski ya rafiki, kwenye kompyuta ya nyumbani kwa shangazi, popote penye nafasi. Na uzuri ni kwamba safari hii ina njia ya kurudi. Flashi ikifa Jumanne, unanunua nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi, unageuza amri:

sudo qemu-img convert -p -n -O raw kompyuta-yangu.qcow2 /dev/sdb

na jioni uko na kompyuta yako ile ile, picha ile ile ya nyuma, vichupo vya kivinjari vile vile. (Hapa ndipo lsblk ni muhimu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu kila kilicho kwenye hiyo diski unayoitaja kitafutwa.) Flashi mbili zilizoandikwa GB 32 zinaweza kutofautiana kidogo, kwa hivyo ukiweza nunua kubwa zaidi. Na uijaribu kabla ya kuiamini, kwa sababu mtaani kuna flashi za bei ya kutupa zilizoandikwa TB 2 na ndani ni hewa. Kuna programu ya bure inaitwa f3 ya kuzianika.

Kuna hatari nyingine ambayo lazima niitaje, sababu huwa inasahaulika. Kitu kikiwa faili, mwizi naye anaweza kukinakili bila wewe kujua kimeenda. Flashi ikiibwa unaona mfuko ni mtupu. Faili likiibwa, liko pale pale. Nywila zako zilizohifadhiwa kwenye kivinjari ziko ndani. Kwa hivyo ukisakinisha mfumo kwenye flashi, chagua kusimba diski nzima tangu mwanzo. Linux nyingi hukuuliza hilo wakati wa kusakinisha. Nakala yako ya mashine pepe itakuwa imesimbwa hivyo hivyo, na rafiki anayekutunzia hataweza kuchungulia hata akitaka.

Mwingine ataniuliza mbona usinakili tu folda ya kazi zako. Kama una insha tatu na picha, sawa, nakili folda uende zako. Lakini mtu aliyechukua miezi sita kupanga vifaa vyake vya kuandika programu au kutengeneza muziki anajua kwamba faili ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni ule mpangilio: toleo hili la programu, mpangilio ule, funguo zile, kile kidude kilichokataa kufanya kazi hadi saa nane usiku. Hiyo huwezi kuiburuta kwa folda. Ndiyo inakufa na flashi.

Watu wa Cambridge walitengeneza mashine za uongo kwa sababu kompyuta ya kweli ilikuwa chache na watu walikuwa wengi. Kwetu bado ni chache. Tunashiriki za saiba, za maktaba, za maabara, za binamu. Wengi wetu hatutamiliki chuma kizuri mwaka huu, labda hata mwaka ujao. Sioni aibu hapo. Aibu ni kuachia kazi yako yote ndani ya kitu cha shilingi mia chache wakati kunakili ni bure.

Kwa hivyo tafuta mashine yenye nafasi ya GB 40, nenda na flashi yako, toa nakala, iwashe mara moja ndani ya mashine pepe uhakikishe kweli inaamka. Nakala ambayo hujawahi kuiwasha ni matumaini tu. Ikikwama, niandikie hapo chini umeona nini kwa skrini, uniambie kama flashi yako ni ya BIOS au UEFI, tutafute pamoja. Na kama una rafiki anayetembea na Linux kwa funguo za nyumba, mtumie hii kabla hajafua hiyo suruali.